Chumvi Hii Hapa

Adventina alinipigia simu nikiwa jikoni nachambua maharage. Alisema Deo, mume wake, amefariki alfajiri, na mazishi ni kesho kutwa nyumbani kwao, nje kidogo ya mji wa Bukoba. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini kwamba Projestus naye ameahidi kufika. Nilimpa pole, nikamuuliza marehemu aliuguaje, nikasema yote ambayo mtu mzima hupaswa kusema. Nilipokata simu nikakuta nimetupa maharage kwenye ndoo ya takataka na kubakiza vijiwe kwenye ungo. Nina miaka hamsini na mitatu. Nimezika wazazi wangu wote wawili, nimelea watoto hadi wakaota ndevu, na vijana wakiniamkia siku hizi huinama kidogo. Lakini jina la mtu mmoja lilitosha kunifanya nitupe maharage, na njia nzima kutoka Mwanza nilikuwa nauwaza mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa mchumba wake.

Mwaka huo nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja mjini Bukoba, nimepanga chumba na sebule Hamugembe. Projestus alikuwa fundi cherehani karibu na soko, na alipanga Kashai, nyumba moja na Deo na Adventina. Tulikuwa tumevishana pete, wazee wameshakubaliana, ndoa ifungwe baada ya Krismasi. Hadi siku hiyo kila mtu alale kwake, maana Hamugembe haikuwa na siri, na padri alipata habari kabla ya redio. Projestus alifunga kazi saa kumi kamili, jua bado kali, akaja kunipikia. Mafundi wenzake walimtania kwamba fundi gani anafunga saa kumi, hayo ni maringo ya Kihaya. Naye aliwajibu kwamba hata kitambaa kinahitaji kupumzika. Nikitoka kazini nilimkuta kibarazani kwangu juu ya kigoda, kisu mkononi, anamenya ndizi bila hata kuziangalia huku akiongea na wapita njia. Wanawake wa jirani walisimama kumtazama, kwani kwetu ukiona mwanaume ameshika kisu cha ndizi basi ama mkewe amelazwa ama kuna harusi. Alipanga ndizi kwenye sufuria pamoja na maharage, kitunguu na samli kidogo, akafunika kwa majani ya mgomba, akaniambia nisifunue hadi aseme yeye. Sijawahi kula ebitoke kama zile, na nimekula nyingi.

Mwezi wa kwanza wa uchumba wetu umeme ulikatika tukiwa mezani. Niliwasha taa ya chemli, nikaiweka katikati yetu, na mimi kwa mwanga ule niliweza kuhesabu miiba ya sato kwenye bakuli. Projestus alinyoosha mkono kuchukua ndizi, mkono ukazama kwenye mchuzi wa moto hadi kwenye kifundo. Hakupiga kelele. Aliutoa taratibu, akaupangusa kwenye suruali, akaendelea kukaa akitazama mahali ambapo sikuwepo. Nilimuuliza ana nini, akanijibu, "Jioni ikiingia, mimi natoka." Ndipo akanieleza. Mchana alikuwa anatunga uzi kwenye sindano mara moja tu, lakini jua likishuka vitu vyote vilizama kwenye weusi, na tangu utotoni weusi huo ulikuwa unaanza mapema kidogo kila mwaka. Mjomba wake wa Kanazi alianza hivyo hivyo, na sasa hata mchana wa jua haoni kitu. Jambo hilo wazee wake hawakuwaambia wazee wangu. Kwetu kabla ya ndoa ukoo huchunguzwa kwelikweli, nani ana kifafa, nani alijinyonga, nani aliloga, na upofu wa kurithi ni neno ambalo lingemrudisha mshenga alikotoka. Alinishika mikono akaniomba nimfichie mpaka tufunge ndoa, halafu atasema mwenyewe, hata mbele ya kanisa zima atasimama aseme. Nikaapa.

Siri mwanzoni ni tamu. Nilijiona mteule, mtu pekee katika Bukoba nzima aliyejua kwa nini fundi anafunga saa kumi. Tulijitungia maneno yetu. Neno la kwanza lilikuwa chumvi. Kila kitu kilichowekwa mbele yake jioni, kiwe kikombe cha chai, sahani au mkono wa mgeni anayetaka kumsalimu, mimi nilisema "Chumvi hii hapa," au nilizungumzia chumvi kwa namna yoyote, naye akajua kuna kitu mbele yake, akanyoosha mkono. Watu walidhani ni utani wa wachumba. Adventina aliwahi kuniuliza kama huyu bwana ana presha ya kushuka, mbona namwimbia chumvi tu.

Jumamosi jioni ilikuwa siku ya karata. Deo na Adventina walikuja mapema na chupa ya juisi au fungu la dagaa, wakati wa msimu wakaja na senene waliokaangwa, tukala wanne, tukafuta meza, Deo akachanganya karata. Deo alikuwa mtu mkubwa, mpimaji wa mizigo bandarini, na alicheza karata kama anavyopima mizigo, kwa uzito na bila mchezo. Tulicheza wawili kwa wawili, wachumba dhidi ya wanandoa, chini ya balbu moja dhaifu iliyoning'inia mbali na meza. Projestus alizipanga karata zake kwa kuzisogeza puani, akijifanya anazibusu zimletee bahati. Zile zilizotupwa mezani ndizo zilizomshinda. Basi tukaongeza maneno ya jikoni: ikitupwa kopa mimi nazungumzia nyanya, uru ni karoti, shupaza ni mkaa, maua ni majani ya chai. "Mkaa umepanda siku hizi," nasema, na Projestus anatupa shupaza yake kwa kishindo. Tulishinda wiki sita mfululizo. Nikikumbuka jioni zile hata leo nacheka peke yangu, halafu kicheko kinakatika.

Katikati ya mwaka alinipeleka Kanazi kumwona mjomba. Nilitaka kwenda, hilo nalo lilikuwa wazo langu, nikidhani kwamba ukikitazama kitu unachokiogopa kinapungua. Mjomba alikuwa mzee mchangamfu, msafi, shati limepigwa pasi, amekaa mlangoni akisikiliza redio. Mke wake ndiye niliyemtazama zaidi. Wakati wa chakula alimshika mume wake kidole akakigusisha kwenye ndizi, kwenye mboga, kwenye glasi ya maji, akimwambia kila kitu kilipo, na chakula chake mwenyewe kikapoa. Mume akainua kichwa akauliza nani amepita barabarani, naye akatoka nje kwenda kuangalia, akarudi akamwambia. Nilimfuata jikoni kumsaidia vyombo, nikamsifu kwa uvumilivu. Alinijibu huku akisugua sufuria kwamba mume wake haoni, na yeye haonekani. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayekuambia bei ya sabuni. Tulirudi mjini kabla ya jua kuzama, na njiani Projestus aliniuliza mara mbili kwa nini niko kimya. Nilimwambia ndizi zimenijaa tumboni.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuharibika, kwanza kwa kuchekesha. Nyumbani kwetu ni Izigo, wilaya ya Muleba, na kila mwisho wa mwezi tulikwenda kuwasalimia wazazi. Wahaya tuna salamu ya kumpa mkubwa, Kaboneka, na mimi hulisikia ndani yake neno letu la kuona. Mdogo ndiye anayeanza. Mkubwa husimama tu akangoja kuamkiwa, na anaweza kungoja hadi akafa. Projestus, kwa kuogopa kumkosea mtu gizani, alikuwa anaanza yeye kumwamkia kila kivuli. Jioni moja akamwamkia Kaboneka binti wa miaka tisa, na alipochekwa akageuka na kumwamkia ndama aliyefungwa kwenye nguzo. Nyumba nzima ilicheka wiki mbili. Tangu siku hiyo akaacha, akawa jioni anasubiri asemeshwe kwanza.

Kisha ikaja Jumamosi ya Deo. Tulikuwa tunaongoza, mimi nimeshasema karoti mara tatu, Deo akaweka karata zake mezani zikiwa wazi. Hakuinua sauti.

"Shemeji," alisema, "kila Jumamosi hapa karoti, karoti. Mimi tangu nianze kula katika nyumba hii sijawahi kuiona karoti kwenye sahani."

Adventina alitaka kucheka, akaona uso wa mumewe akaacha. Deo akaendelea kwamba yeye si mtoto, ameshatusikiliza wiki nyingi, nyanya ni kopa na mkaa ni shupaza, na kinachomuuma ni kuibiwa na rafiki anayemwita ndugu. Nilimtazama Projestus. Ilikuwa nafasi yake ya kusema, mbele ya watu wawili tu waliompenda. Alizikusanya karata zake kwa kupapasa, akazigonga mezani zikae sawa, akasema, "Ni kweli. Tumekuwa tunaiba. Nisamehe, kaka." Alichagua kuitwa mwizi. Na mimi nikawa mke mtarajiwa wa mwizi, mwizi mwenyewe pia, na Adventina niliyesoma naye darasa moja alichukua kanga yake begani bila kuniaga.

Nililolifikiria dakika ile ni jambo dogo sana. Kila Jumamosi Projestus alirudi Kashai na Deo, mkono wake begani kwa rafiki yake kama wanaume wanavyotembea, na Deo hakujua kwamba lile bega ndilo lililokuwa macho. Sasa nani angempeleka? Nikavaa viatu nikampeleka mimi, nikarudi peke yangu. Nikafanya hivyo kila siku alipochelewa kwangu, miezi iliyofuata, kwenye mvua na kwenye tope. Sikulalamika. Lakini ofisini nilianza kusinzia juu ya mashine, na siku moja nikampandishia mtu sauti kwa sababu aliniuliza kalamu yake iko wapi.

Mwezi wa kumi tulikuwa Izigo. Jua lilikuwa limezama, mimi niko jikoni na mama tunageuza ndizi za kuchoma, Projestus akatoka shambani kwa njia ya migombani. Baba mkubwa, kaka wa baba na mkubwa wa ukoo wetu, ambaye kwa Kihaya tulimwita tata, yaani baba, alikuwa amesimama kando ya njia ile, koti jeusi, mikono juu ya fimbo, akingoja kuamkiwa. Projestus akapita, bega karibu liguse bega. Baba mkubwa hakukohoa wala kujikuna. Alikwenda kwake, na asubuhi ujumbe ukaja kwamba amepitwa kama kisiki, na yeye binti wa ukoo wake hampeleki kwenye nyumba ya mwenye kiburi. Mama alilia. Baba akasema kijana aje aombe radhi.

Tulilizungumza jambo hilo Hamugembe jioni nne mfululizo. Nilimsihi aseme ukweli, akaniambia kiburi kinasameheka kwa maneno lakini macho hayasameheki kwa lolote, na kwamba ni miezi miwili tu imebaki, Kemi, miezi miwili. Akafanya mazoezi mbele yangu ya maneno atakayosema. Nilimsikiliza nikamhurumia, na chini kabisa ya huruma hiyo palikuwa na kitu kingine ambacho sikutaka kukitazama.

Baba mkubwa alituita Jumapili, lakini akasema tuje baada ya kazi za shamba, saa kumi na mbili jioni. Sebule yake ilikuwa na dirisha moja dogo linalotazama migomba. Walikaa yeye, baba na wazee wawili; mama na mimi tulikaa kwenye mkeka, mimi karibu kabisa na kiti cha Projestus, kiasi kwamba goti lake lingeweza kunigusa. Taa ilikuwepo mezani, imefutwa vizuri, haijawashwa. Niliiona nikaelewa. Baadaye mama aliniambia kwamba baba mkubwa alikuwa ameshafika Kanazi kwa miguu yake wiki ile, akauliza habari za mjomba.

Projestus aliomba radhi vizuri sana. Alisema alikuwa na mawazo ya harusi, alipita bila adabu, ukoo umsamehe. Baba mkubwa akaitikia kwa upole kwamba kijana anayekiri kosa huyo ni mtu, basi watafune kahawa yaishe. Akafungua kikapu kidogo cha akamwani, zile kahawa zetu za kutafuna zilizochemshwa na majani ya harufu, ambazo kwetu mgeni hupewa kabla ya neno lolote zito, na ambazo asiyezipokea ameikataa nyumba. Kahawa haitangazwi. Hunyooshwa tu, na mgeni hupokea kwa mikono miwili. Baba mkubwa akainuka, akakinyoosha kikapu mbele ya kifua cha Projestus, akakishikilia hapo.

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Ningeweza kumgeukia mama na kumuuliza kama amenunua chumvi, na hakuna ambaye angeshangaa sana. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kumsukuma goti. Badala yake niliona mikono ya mke wa mjomba ikisugua sufuria, nikaiona njia ya Kashai na tope lake, nikajiona nikitoka nje maisha yangu yote kwenda kuangalia nani amepita barabarani. Sikuwa namchukia. Nilimpenda, na nimeshaishi vya kutosha kujua kwamba nilimpenda. Lakini nilikuwa nimechoka, na niliogopa, na nilitaka mtu mwingine aufungue mlango ule ili mimi nitoke bila kusemwa kwamba nimetoka. Nikanyamaza. Mikono yake ilibaki juu ya mapaja, uso wake umetulia, anatabasamu kidogo kuelekea kiti ambacho mzee alikuwa ameshakiacha.

"Kemilembe, wewe unaona?" baba mkubwa akauliza.

"Naona, tata," nikasema.

Projestus aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Baba mkubwa akarudisha kikapu mezani na kuwasha taa, akasema basi, yamekwisha, na hakumtukana mtu. Uchumba uliishia pale. Njiani kurudi mjini Projestus aliniuliza swali moja tu, nilikuwa nimekaa wapi. Nikamwambia nilikuwa pembeni yake. Akasema sawa. Pete nilimrudishia kupitia kwa mshenga, kama inavyotakiwa, na nguo ya harusi aliyokuwa ameshaikata sikujua iliishia wapi.

Lililofuata ndilo linalonitia haya zaidi. Watu walinipa pole. Walisema nimedanganywa, ukoo wake mzima ulinifichia, Mungu amenisaidia kuyaona mapema. Adventina alikuja akanikumbatia, akalia kwa ajili ya zile karoti, na Deo alimgongea Projestus mlango wa chumba chake kumwomba msamaha na tangu siku hiyo hakumwacha. Ndiye aliyemshika mkono miaka yote hadi mwisho. Mimi nilizipokea pole zote. Sikumwambia mtu yeyote kwamba nilijua tangu mwezi wa kwanza, na kwamba pale Izigo nilikuwa na neno moja na nikalimeza. Nikaomba uhamisho, nikaenda Mwanza, nikaolewa na mtu mwema aliyeona vizuri na ambaye aliwahi kukaa mwezi mzima bila kugundua kwamba nimekata nywele.

Kwenye msiba nilimwona kabla sijafika kwenye turubai. Alikuwa amekaa kiti cha pembeni, shati jeupe, fimbo imelala mapajani, nywele zimekuwa mvi zote. Adventina alininong'oneza kwamba bado anashona, magodoro siku hizi, kwa vidole, na kwamba mke wake ni yule mama mnene anayecheka na wapishi. Tulimzika Deo saa tisa. Baada ya maziko watu wakakaa, kahawa ikaanza kuzungushwa, na aliyekuwa anazungusha alipofika karibu yangu nilimwomba kikapu. Nilivuka uwanja ule nikiwa na miguu ya msichana anayekwenda kupigwa. Nikasimama mbele yake, nikakinyoosha kikapu usawa wa kifua chake.

"Chumvi hii hapa," nikasema.

Mikono yake yote miwili ilikuja moja kwa moja. Alichukua punje mbili, akatia moja mdomoni, akaitafuna taratibu, nyingine akaifumbata. Hakuonyesha kushangaa.

"Kemi," alisema. "Siku ile Izigo harufu ya kahawa ilinifikia tangu mzee alipofungua kikapu. Nilijua iko mbele yangu."

Nilimuuliza kwa nini basi hakunyoosha mkono.

"Nilikuwa nakungoja wewe."